Misimu ya Nanjing na kifua changu: niliyojifunza kwa dawa za Kichina na ukandaji

Mimi ni mtu wa Unguja. Kwetu mwaka huujua kwa upepo. Kaskazi ikianza kuvuma Desemba watu huhamia barazani, masika yakiingia nguo huanikwa ndani, na kipupwe cha Juni na Julai ndicho pekee kinachotutoa masweta kabatini. Marehemu bibi yangu alikuwa akitoka uani alfajiri, anasimama kidogo, kisha anarudi na kusema kusi itachafuka kesho kutwa, na ikawa hivyo. Kwa malezi hayo nilijiona mjuzi wa mabadiliko ya msimu. Mwaka 2023 nikapata nafasi ya kwenda kusoma shahada ya pili ya uhandisi wa maji Nanjing, nchini China, na katika miezi minane ya mwanzo niliugua mara tano.

Naandika haya kwa sababu kila ikifika Julai na Agosti napokea ujumbe kutoka kwa vijana wetu wanaojiandaa kuondoka. Wanauliza habari za koti, za chakula halali, za benki. Hakuna anayeuliza habari za kifua chake.

Nilikwenda nikiwa na imani na dawa za Kichina, na imani hiyo ilikuwa na asili yake. Nanjing ni mji mkuu wa jimbo la Jiangsu, na Jiangsu ndilo linaloleta madaktari Zanzibar tangu 1964. Nilipokuwa darasa la tano, mama yangu alitibiwa bega na daktari wa Kichina pale hospitali ya Mnazi Mmoja kwa sindano nyembamba mfano wa unywele, akarudi nyumbani akiweza kufunga mtandio mwenyewe. Kwa hiyo sikuwa na shaka. Shaka ningeihitaji kidogo.

Nilifika mwanzoni mwa Septemba. Jua lilikuwa kali kama la kwetu, nikavaa dera na kandambili kila siku. Kwenye bweni letu palikuwa na mama wa usafi ambaye sote tulimwita ayi, yaani mama mdogo. Ndivyo vijana wa huko wanavyomwita mwanamke wa rika la mama zao. Kila akiniona natoka bafuni usiku na nywele hazijakauka alinishika kichwa, akatikisa chake, akasema maneno mengi nisiyoyaelewa. Neno moja alilirudia sana: feng. Nilimuuliza kaka mmoja wa Mwanza, aliyekuwa mwaka wa nne wa udaktari, akaniambia feng ni upepo. Ayi alikuwa akinionya kwamba upepo utaniingia kichwani.

Nilicheka kwa furaha, maana ni maneno ya bibi yangu yale yale. Sisi nasi husema mtu kapigwa na upepo. Sisi nasi tuna baridi yabisi, jina ambalo ndani yake mna baridi na mna ukavu, maana waganga wa zamani wa pwani waliusoma mwili kwa joto na baridi, ukavu na unyevunyevu. Mchina naye ana upepo, baridi, unyevu, ukavu, joto. Nilijihisi nimefika kwa jamaa. Lakini nywele sikuzikausha.

Wachina wameugawa mwaka mafungu 24, kila fungu siku kama 15, na ni kalenda ya wakulima ambayo UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia usioshikika mwaka 2016. Fungu la kwanza kunikuta lilikuwa bailu, umande mweupe, linaloanza Septemba 7 au 8. Wazee wana msemo wake kwamba umande mweupe ukiingia mwili usiachwe wazi. Mchana bado unatoka jasho, lakini usiku baridi imeshaanza kushuka. Mimi nilitazama jua la saa saba nikavaa kwa jua hilo, nikirudi maktaba saa nne usiku natetemeka. Mtu wa kwetu hana desturi ya kubeba nguo ya saa nyingine. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ninayomwambia kila anayekwenda: tazama joto la usiku, si la mchana, na nguo ya usiku itoke na wewe asubuhi.

Mwisho wa Oktoba nikashikwa na mafua mazito. Hapa nilifanya kosa ambalo hadi leo likinijia mwili unasisimka.

Nilikuwa na Panadol nilizobeba kutoka nyumbani. Nikameza mbili mbili, mara 3 kwa siku. Kwenye duka la dawa nikanunua vifuko vya punje za mitishamba za mafua, zile za kukoroga kwa maji ya moto, tamu, zenye harufu ya majani. Muuzaji akaongeza na vidonge vya kukausha pua. Nikaona niko salama: Panadol ni ya hospitali, punje ni majani tu, vidonge ni vya pua. Siku ya tatu tumbo likanichafuka, nikawa natapika, chakula sikitaki hata kwa harufu. Yule kaka wa Mwanza akaja na uji. Kabla ya kunipa akachukua maboksi yote akaanza kusoma nyuma yake. Nikaona uso wake unabadilika.

Ile dawa ya "majani" ilikuwa na parasetamo ndani yake. Vile vidonge vya pua vilikuwa nayo pia. Na Panadol ni parasetamo yenyewe. Akapiga hesabu kwenye karatasi: nilikuwa nakunywa zaidi ya gramu 5 kwa siku, na mtu mzima hapaswi kuvuka gramu 4. Ukizidisha, ini ndilo linaloungua, tena kimyakimya. Tulikwenda hospitali usiku ule ule. Walinipima damu, ini lilikuwa zima, wakanirudisha kesho yake kupima tena. Zilinitoka yuan 460 kwa siku mbili, wakati huo yuan moja ikiwa karibu shilingi 350 za Tanzania. Fedha si kitu. Ningeweza kumtia mama yangu msibani kwa ajili ya mafua.

Basi shika jambo hili. Dawa nyingi za mafua zinazouzwa China kwa sura ya mitishamba zimechanganywa na dawa za kizungu. Huhitaji kujua Kichina. Beba kipande cha karatasi chenye maandishi haya: 对乙酰氨基酚. Hiyo ndiyo parasetamo. Ukiyaona kwenye boksi, usiongeze Panadol juu yake, na ukiyaona kwenye maboksi mawili, chagua moja.

Majira ya baridi yalinifundisha jiografia. China ina mstari, unaopita milima ya Qinling na mto Huai, na kaskazini ya mstari huo serikali iliweka mabomba ya kupasha joto nyumba. Nanjing iko kusini yake. Maana yake Januari nje kuna nyuzi 2 au 3, usiku inashuka chini ya sifuri, na ndani ya nyumba hakuna tofauti kubwa na nje. Tena ni baridi yenye unyevu. Wenzangu waliokuwa Beijing walikuwa wanakaa na fulana chumbani huku nje kuna barafu. Mimi nilikuwa naandika ripoti na glavu mkononi. Mabega yangu yakapanda yakakaa masikioni kwa wiki kadhaa, shingo ikakaza, nikawa naamka na kichwa kinauma.

Ndipo nilipokwenda hospitali ya tiba ya Kichina, Desemba. Nilitaka mambo mawili: mafua yaniache na mabega yashuke. Nitaeleza ilivyokuwa kwa sababu wengi wanaogopa wasilolijua.

Unajiandikisha kwa simu, unalipa ada ya kumwona daktari; mimi nililipa yuan 25. Daktari wangu alikuwa mama wa makamo, mpole, anaandika kwa kalamu ya wino. Aliniwekea mkono juu ya kimto, akaweka vidole vitatu kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, yaani hapa panapofungwa saa, akabonyeza kwa wepesi kisha kwa uzito, kulia na kushoto. Akaniomba nitoe ulimi. Kisha maswali: nalala saa ngapi, natoka jasho wakati gani, miguu ina baridi, hedhi ikoje, choo kikoje, kiu ni ya maji ya moto au ya baridi. Hakuna daktari aliyewahi kuniuliza mambo mengi hivyo. Akaandika dawa ya siku 7. Hospitali yenyewe inachemsha mizizi na kuitia katika vifuko vya plastiki, viwili kwa siku, unavipasha na kunywa baada ya kula. Siku 7 zilikuwa yuan 210.

Nilipofungua kifuko cha kwanza nilikaa kitako kitandani. Kilinukia mdalasini na tangawizi. Vijiti vya mdalasini, tangawizi, tende za Kichina na mzizi wa urukususu ni mchanganyiko wa zamani sana huko, na harufu yake ni ya chai ya jikoni kwetu Ijumaa asubuhi. Nililia. Nilikuwa na miezi mitatu tangu niondoke nyumbani.

Dawa ilinisaidia? Nililala vizuri, miguu ikapata joto, mafua yakaisha. Lakini mafua huisha yenyewe, na wiki hiyo hiyo nilikuwa nimenunua blanketi la umeme na jaketi la manyoya ya bata. Sitamdanganya mtu kwamba najua ni kipi kilichofanya kazi.

Mara ya pili daktari akapendekeza kitu cha kuongeza damu kwa wanawake wakati wa baridi, akakiita ejiao. Nikaandika jina, nikatafuta. Ni gundi inayopikwa kwa ngozi ya punda. Nilirudi kesho yake nikamweleza mambo mawili kwa adabu: kwamba mimi ni Mwislamu, na kwamba ngozi hizo nyingi hutoka Afrika, ambako punda ndiye gari la familia maskini. Tanzania ilishafunga uchinjaji wa punda kwa ajili ya biashara hiyo, na Februari 2024, wiki chache baada ya mazungumzo yetu, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliipiga marufuku kwa bara zima. Daktari hakuudhika hata kidogo. Alifuta, akasema nile nyama ya kondoo kwa tangawizi na kunde nyekundu. Nyama ya kondoo ya halali ilikuwapo hatua chache kutoka bwenini, kwenye mkahawa wa tambi wa Waislamu wa Kihui. Uliza kila kitu. Dawa za huko zinaweza kuwa na mnyungunyungu, ganda la mdudu, hata pombe ya mchele. Ukisema mapema ni nini hutumii, daktari ana njia nyingine, na hiyo ni heshima kwake pia.

Mabega yalikwenda chumba cha pili, cha tuina. Maana ya jina hilo ni kusukuma na kukamata, na ndivyo inavyofanywa. Hakuna mafuta. Unalala kifudifudi na nguo zako, anakutandika shuka jembamba, kisha anaviringisha mgongo wa mkono wake juu ya misuli, mbele na nyuma, bila kukoma, kama mtu anayesukuma chapati. Kabla hajanigusa kijana yule aliniuliza kama nina mimba, kama nimewahi kuvunjika, kama ninakunywa dawa ya kufanya damu iwe nyepesi. Dakika 25, yuan 90. Kwetu nako wapo wakandaji, akina mama wanaokanda wazazi siku 40, na nilipofumba macho ningeweza kuapa niko chumbani kwa shangazi. Baada ya mara 4 shingo iligeuka kulia na kushoto bila maumivu. Hili nalisema bila wasiwasi, kwa sababu nilitoka na kitu ambacho sikuingia nacho.

Lakini hospitali ilikuwa mbali, vituo 9 vya treni ya chini, na karibu na bweni palikuwa na duka la ukandaji lenye taa nzuri. Wakaniambia nikinunua kadi ya mara 15 kwa yuan 1,500 kila mara itakuwa 100 tu badala ya 160. Nikalipa. Nilikuwa nimewekewa posho siku hiyo.

Pale hakuna aliyeniuliza lolote. Mwezi wa Machi, Ramadhani imeanza, nikaenda saa kumi alasiri nikiwa na saumu. Wakanikanda kwa nguvu, kisha wakanipiga vikombe. Hiyo ndiyo hijama kavu. Wazee wa pwani waliita kuumika, kwa pembe iitwayo chuku. Hospitalini waliviacha dakika 8 hivi. Pale aliyeniwekea alitoka nje akiongea na simu na viliniganda karibu nusu saa. Niliposimama ukuta ulizunguka, nikaanguka. Mgongo ulitoa malengelenge matatu, na alama moja ninayo hadi leo. Nilifuturu kwenye sakafu ya duka lile kwa maji ya sukari.

Sijawahi kuwadai. Mei nikapita, nikakuta mlango umefungwa kwa kufuli na karatasi imebandikwa. Mara 8 zangu, yuan 800, zikaenda. Baadaye niliambiwa kwamba maduka ya kadi za kulipa mbele kufunga ghafla ni jambo la kawaida sana huko, katika nywele, katika mazoezi, katika ukandaji. Lipa mara moja, kwa huduma moja. Usikandwe wala kuumikwa na njaa. Vikombe vikizidi dakika 10 au 15 ita mtu, piga kelele ikibidi. Na yeyote anayetaka kukuvunja shingo ghafla mpaka ilie, mkatalie.

Kosa kubwa nililifanya majira ya machipuo.

Mitaa ya Nanjing imepandwa miti mirefu ya wutong wa Kifaransa, hivyo ndivyo Wachina wanavyouita, matawi yake yanakutana juu ya barabara kama paa la msikiti. Ni mji mzuri sana wakati huo. Aprili miti hiyo inamwaga vinyweleo vya manjano, hewa inajaa, watu wanatembea wamefunga macho nusu. Kuna msemo wa Kichina unaofundisha kwamba machipuo ujifunike na majani yakianza kuanguka uvumilie ubaridi kidogo, yaani usivue haraka na usivae haraka. Mimi joto la kwanza lilipokuja nilivua vyote. Nikaanza kukohoa.

Nikajiona sasa najua. Sikurudi kwa daktari. Nilitumia programu ya hospitali kuomba dawa ile ile ya Desemba irudiwe, nikanywa siku 7, nikarudia, nikarudia tena. Wiki 3. Usiku nilikuwa nalala nimekaa, kifua kinapiga mluzi, na bado nikamwambia mama kwenye simu kwamba mizizi inafanya kazi taratibu.

Usiku mmoja sikuweza kumaliza sentensi. Ayi ndiye aliyenisikia mlangoni. Hakuniambia habari ya upepo. Aliita teksi, akanivika koti lake, akanipeleka dharura na akakaa hadi saa kumi na moja alfajiri. Ilikuwa pumu, imeamshwa na vinyweleo vile na chavua. Wakanipa mvuke wa dawa, wakanipa inhela mbili, moja ya kila siku na moja ya kubana ghafla. Yuan 1,130. Bima ya wanafunzi wa kigeni tunayolipa yuan 800 kwa mwaka ilinirudishia sehemu tu, baada ya miezi miwili na karatasi nyingi. Tunza kila risiti na kila karatasi yenye muhuri.

Baada ya wiki nilikwenda kwa yule daktari wangu wa mizizi, aibu tupu. Aliposikia nilirudia dawa ya Desemba mwezi Aprili alinyamaza kitambo. Akaniambia dawa ile ilikuwa ya kumtia joto mtu aliyeganda. Mtu huyo hakuwapo tena. Kisha akasema kama angenisikia kifua kwa dakika moja angenipeleka ghorofa ya tatu, kwa madaktari wa mapafu, jengo lile lile. Hospitali kubwa za tiba ya Kichina zina eksirei, maabara na inhela. Hazitenganishi kama tunavyotenganisha sisi. Aliyetenganisha ni mimi, niliyemficha huyu dawa za yule. Tangu siku hiyo nilinunua daftari dogo: ukurasa mmoja kila dawa, ya mizizi na ya viwandani, tarehe ya kuanza na ya kuacha. Nililiweka mezani kwa kila daktari kabla sijakaa.

Juni ikaja na mvua ambazo Wachina huziita za plamu, wiki nzima bila jua, viatu vyangu vya Idi vikaota ukungu kabatini. Nilinunua kifaa cha kukausha hewa cha mkono wa pili, yuan 180, na kwa mwenye pumu nasema ni fedha iliyokwenda mahali pake kuliko zote. Baada ya mvua ni tanuri. Wachina huihesabu Nanjing katika miji yao ya tanuri, pamoja na Wuhan na Chongqing. Wanakunywa supu ya choroko, choroko zile zile tunazopika kwa nazi, ila wao huchemsha na sukari kidogo na kuinywa imepoa.

Katika joto hilo kuna tiba ya kuzuia magonjwa ya baridi. Wanasema ugonjwa wa majira ya baridi utibiwe wakati wa kiangazi. Kati ya katikati ya Julai na mwisho wa Agosti watu hupanga foleni hospitalini, wengi wenye pumu na mafua ya aleji, wabandikwe mgongoni viplasta vya mbegu za haradali nyeupe zilizochanganywa na maji ya tangawizi, mara 3, siku 10 au zaidi kati ya moja na nyingine. Nilibandikwa, yuan 150 kwa mzunguko mzima. Niliambiwa zikipita saa 4 nivitoe. Vilikuwa vinawasha, nikadhani kuwasha ni dalili ya kupenya, nikalala navyo. Asubuhi ngozi imebabuka. Mara mbili zilizofuata nilitega simu.

Kipindi cha pili cha baridi, 2024 kuingia 2025, niliugua mara moja tu, siku 4. Ndugu zangu wananiuliza ni plasta? Ni mizizi? Orodha ya niliyofanya ni ndefu mno kwa mtu kuchagua moja. Nilitumia inhela ya kila siku, hata siku nilizojisikia mzima. Nilivaa barakoa Aprili yote. Nywele nilizikausha, na kila fungu la kalenda lilipobadilika nilipanga nguo upya siku mbili kabla. Niliosha miguu kwa maji ya moto usiku. Nilikandwa mara mbili kwa mwezi, hospitalini, kwa bei ya mara moja. Alfajiri za Jumamosi nilikwenda ziwa Xuanwu, bustani haina kiingilio, nikasimama nyuma ya akina mama wa miaka 70 tukifanya baduanjin, mazoezi ya mikao minane ya polepole, ya kunyoosha na kupumua. Wao walikuja na nguo nyepesi nikiwa na jaketi, na hakuna aliyekohoa.

Nikiulizwa kwa uzito, nasema inhela ndiyo iliyonilinda roho, na ukandaji ndio ulionirudishia shingo. Yale mengine yalinifundisha kuutazama mwili wangu kabla haujapiga kelele, jambo ambalo bibi alilijua bila kalenda. Sisi tunaotoka nchi ya malaria tuna sababu ya kutoidharau mitishamba ya Kichina: ndani ya dawa ya mseto tunayomeza mna dawa iliyotokana na mmea wa jamii ya pakanga, na mwanasayansi Tu Youyou alipewa Nobel mwaka 2015 kwa kuitoa humo. Lakini aliipitisha maabara kwanza. Hakuichemsha akamwambia mgonjwa avumilie wiki 3.

Mama aliposikia habari zangu alitaka nimletee vifuko vyenye harufu ya mdalasini. Ana presha, anakunywa vidonge kila siku. Nilimuuliza daktari wangu kabla ya kununua, akakataa papo hapo: urukususu ukinywewa kwa muda hupandisha presha, na kuna mmea mwingine wa mafua, mahuang, ulio mkali zaidi kwa hilo. Nilimletea chai ya majani na shali. Alinuna wiki moja.

Nimerudi Unguja tangu Julai 2025. Binti ya mama yangu mkubwa ameondoka Agosti kwenda Wuhan, na Wuhan ina baridi ya ndani kama ya Nanjing. Nilimpa jaketi langu, mashine ya kukaushia nywele, na karatasi ile yenye maandishi, nimeilaminisha. Juzi usiku kanitumia picha ya boksi la punje za mafua, kaandika, "Dada, hii ni majani tu, au siyo?" Nikaikuza picha, nikashuka mstari kwa mstari hadi chini. Ilikuwamo, mstari wa tatu.